Kumfundisha Mtoto Kuandika kwa Hoja

Na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi



Kila mwisho wa mwaka ofisi yetu hupokea bahasha za barua ambazo watoto wanaofadhiliwa huwaandikia wafadhili wao. Kazi yangu ni kuzipitia kabla hazijatumwa. Mwaka mmoja nilikaa mezani na barua 40 za shule moja, na nilipofika ya kumi nilikwisha kujua ya arobaini itasema nini. Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Nakushukuru kwa msaada wako. Naomba uendelee kunisaidia. Hata makosa ya tahajia yalikuwa yale yale, kwa sababu watoto wote walikuwa wamenakili ubaoni.

Simlaumu mwalimu aliyeandika ubaoni. Sisi wa ofisini ndio tuliompelekea mfano wa barua, tukampa na tarehe ya mwisho. Tulidhani tunawafundisha watoto kuandika. Kumbe tuliwafundisha kushukuru kwa maneno ya mtu mwingine, na kuomba bila kutoa sababu.

Tangu wakati huo tumejaribu njia nyingine katika klabu za watoto zinazokutana baada ya masomo. Tunawafundisha kuandika kwa hoja, yaani kuandika ili kumshawishi msomaji akubali jambo au achukue hatua. Makala hii inaeleza kazi hiyo ni nini, inafundishwaje, na inatudai nini sisi wakubwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigharimu zaidi, na nitaieleza bila kuificha.

KUSHAWISHI NI NINI?

Neno "kushawishi" lina sura mbaya kidogo miongoni mwa Wakristo, kwa kuwa liko karibu sana na "vishawishi", na wengi wetu tukilisikia tunafikiria nyoka wa Edeni. Lakini wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kushawishi kwa halali ni kumpa mwenzako sababu za kweli, kwa lugha ya heshima, na kumwachia nafasi ya kuamua mwenyewe. Mtu anayedanganya, anayetisha au anayelia ili apewe hajashawishi. Amelazimisha kwa njia nyingine.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza kwamba msemaji humvuta msikilizaji kwa mambo matatu: jinsi yeye mwenyewe anavyoaminika, hisia anazoziamsha kwa msikilizaji, na hoja yenyewe. Watoto wetu hawahitaji kulijua jina lake, lakini maswali matatu yanayotokana naye wanayaelewa upesi. Kwa nini aniamini mimi? Jambo hili linamgusaje yeye? Sababu zangu ni zipi?

Wanaotaka mfano wa karibu zaidi wafungue Waraka wa Paulo kwa Filemoni. Ni barua fupi ya sura moja yenye aya 25 tu. Paulo anaomba Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake, apokelewe tena kama ndugu. Anasema angeweza kuamuru, lakini anachagua kusihi kwa ajili ya upendo. Anajua Filemoni huenda akafikiria hasara, kwa hiyo kabla hajaulizwa anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kulipa deni lolote. Tumeisoma barua hii na watoto wa shule ya Jumapili, si kwa ajili ya mahubiri, bali kuwauliza: Paulo anaomba nini, anatoa sababu gani, na pingamizi gani amelijibu mapema? Watoto wa miaka 11 huyaona yote matatu.

KWA NINI WATOTO WETU HAWALIWEZI JAMBO HILI

Si kwamba hawana hoja. Msikilize mtoto anayemwomba mama yake ruhusa ya kwenda kwenye mechi: atataja kazi alizomaliza, atamtaja jirani aliyeruhusiwa, ataahidi kurudi kabla ya giza. Hoja zipo, ila shuleni hazipati nafasi ya kuingia kwenye daftari.

Sababu ya kwanza ni wingi wa wanafunzi. Tangu Januari 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa katika shule za serikali, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliandikishwa. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mwalimu mwenye watoto 90 darasani hawezi kusahihisha insha 90 kila wiki.

Sababu ya pili ni mtihani. Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa kompyuta, na kwa miaka iliyofuata sehemu kubwa ya maswali ilikuwa ya kuchagua jibu. Katika somo la Kiswahili, utungaji ulipimwa kwa kupanga sentensi zilizochanganywa. Mtoto aliweza kufaulu vizuri bila kuandika aya moja ya kwake. Mwalimu hufundisha kile kinachopimwa, na huwezi kumshangaa.

Sababu ya tatu ni midahalo yetu yenyewe. Wengi wetu tuliosoma sekondari tunaikumbuka: "Mwalimu ni bora kuliko mkulima." Watoa hoja upande huu, wapinga hoja upande ule, na mshindi ni mwenye sauti kubwa na misemo mingi. Midahalo hiyo ilitupa ujasiri wa kusimama mbele za watu. Haikutufundisha kutafuta ushahidi, wala haikutupa msomaji halisi mwenye uwezo wa kubadilisha jambo. Baada ya kura, mwalimu alibaki mwalimu na mkulima alibaki mkulima.

HATUA TANO TUNAZOFUATA

Kazi hii haihitaji vifaa vya gharama. Ubao, chaki, daftari na saa moja kwa wiki vinatosha. Watoto hukaa katika vikundi vya watano, na kila kikundi huandika barua moja, hivyo mwalimu husoma barua chache. Nitaeleza hatua hizi kwa kutumia mfano wa klabu moja ya watoto wa darasa la tano na la sita.

1. Kuchagua jambo dogo la kweli. Tuliwauliza watoto: ni jambo gani hapa shuleni lingeweza kubadilika kabla ya muhula kwisha? Walitaja chakula, viboko, mipira na maji. Wakachagua maji. Shule ilikuwa na tangi la lita 5,000, lakini lilikuwa tupu, na kila siku wanafunzi walikwenda kisimani na ndoo wakati wa vipindi.

2. Kumjua msomaji. Nani ana uwezo wa kuamua? Mwanzoni watoto walitaka kumwandikia Rais. Baada ya majadiliano waliona kwamba kamati ya shule iko karibu zaidi na ina mamlaka juu ya jambo hili. Kisha wakaulizana wanakamati hao ni akina nani, wanajali nini, na wana hofu gani. Jibu lao lilikuwa sahihi kabisa: wanajali ufaulu, na wanaogopa michango.

3. Kukusanya ushahidi. Hapa ndipo uandishi unapokutana na hisabati. Kwa siku 5 za masomo watoto waliandika kwenye daftari ni wangapi waliokwenda kisimani na walikosa kipindi gani. Kisha wakapima paa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Upande mmoja wa paa la jengo lililo karibu na tangi ulikuwa na urefu wa mita 18 na upana wa mita 4, yaani mita za mraba 72. Mvua ya milimita 10 ingeleta lita 720.

4. Kujibu pingamizi kabla halijatolewa. Mtoto mmoja hucheza nafasi ya mwenyekiti wa kamati na kukataa kila kitu. "Fedha hakuna." "Je, kiangazi mtafanyaje?" "Sisi zamani tulibeba maji, na tulisoma." Wenzake hutafuta jibu. Pale ambapo hawana jibu, tunawafundisha kukiri. Hoja inayokubali udhaifu wake huaminika kuliko ile inayojifanya haina.

5. Kuandika, kusomeana, kuandika tena. Hakuna barua inayotoka kwa rasimu ya kwanza. Kikundi husomea kikundi kingine kwa sauti, na wasikilizaji huuliza swali moja tu: ni wapi hukuniridhisha?

BARUA YA KWANZA NA BARUA YA PILI

Tofauti huonekana ukiweka rasimu mbili pamoja. Ya kwanza ilisema hivi:

"Kamati ya shule, sisi watoto tunateseka sana. Tunaomba mtuonee huruma. Sisi ni taifa la kesho. Tunaomba mtusaidie maji. Mungu atawalipa."

Kila neno lake ni la kweli, na msomaji hana la kufanya nalo. Hajui tatizo ni kubwa kiasi gani, wala hajaambiwa afanye nini. Wiki tatu baadaye kikundi hicho hicho kiliandika hivi:

"Ndugu Mwenyekiti na wajumbe, shikamooni. Tunaomba gata ya upande mmoja wa jengo lililo karibu na tangi itengenezwe kabla ya mvua za masika. Kwa siku 5 tulihesabu. Kila siku wanafunzi 20 walikwenda kisimani na kila mmoja alikosa kipindi kimoja cha dakika 40. Wanaleta lita 200 kwa siku. Mvua moja ya milimita 10 inaweza kuleta lita 720 kutoka upande huo wa paa. Hata robo ikimwagika zinabaki lita 540, ambazo zinazidi maji ya siku mbili. Tunajua fedha ni kidogo. Gata ipo bali imekatika kwenye kona, na fundi ametuambia vinahitajika vipande vitatu tu. Tunajua pia kwamba kiangazi tutaendelea kwenda kisimani. Kwa wakati huo tunaomba twende baada ya vipindi. Tutafurahi kupata jibu lenu kwa maandishi."

Msomaji ataona kwamba barua ya pili haina kilio, lakini inagusa zaidi. Ombi limewekwa mwanzoni, hesabu ziko wazi, na adabu haikupungua hata kidogo.

JE, TUNAWAFUNDISHA KUBISHANA NA WAKUBWA?

Swali hili tumeulizwa katika kila usharika, na wanaouliza wana haki ya kujibiwa. Mzee mmoja alisema mbele ya wote kwamba watoto sasa wameanza kutuhesabia. Malezi yetu yanamtaka mtoto asikilize, na hakuna anayetaka mtoto mjuaji asiyejua salamu.

Majibu yetu ni mawili. Kwanza, kuandika kwa hoja ni shule ya adabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtoto anayejifunza kumfikiria msomaji wake hujifunza kuamkia, kuchagua maneno, kusubiri zamu yake na kukubali kukataliwa. Mtoto asiyejua kutoa sababu ana njia mbili tu zilizobaki, kunung'unika pembeni au kufanya fujo.

Pili, hili si jambo la hiari yetu peke yetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unamtambua mtoto kuwa na haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inatambua haki ya mtoto kutoa maoni. Sheria haisemi mtoto apewe kila anachotaka. Inasema asikilizwe.

KILICHOTOKEA KWENYE KIKAO

Barua ilisomwa kwenye kikao cha kamati, nami nilikuwepo kama mgeni. Mwenyekiti alisoma hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akanigeukia. Aliuliza: gata ya tangi la mradi ni ya nani?

Tangi lile tulilinunua sisi, kwa fedha za wafadhili. Nilikumbuka ripoti niliyoiandika na kuitia sahihi, ikiwa na picha ya tangi jipya na maneno "mradi umekamilika". Gata ilikatika msimu uliofuata. Kamati ilisubiri dayosisi ije kutengeneza mali yake. Dayosisi ilihesabu kwamba mradi umekabidhiwa. Kati yetu sisi wakubwa, wenye vyeti na mihuri, hakuna aliyemwandikia mwenzake hata mstari mmoja. Watoto wa darasa la tano ndio waliotupatanisha kwa karatasi ya daftari.

Nilikiri mbele ya kikao kwamba kosa lilikuwa letu pia. Wazazi walichangia nguvu kazi, ofisi ikanunua vipande vitatu, na fundi akamaliza kazi kabla ya masika. Siku hizi kila mradi wa maji tunaokabidhi una karatasi ya ukurasa mmoja inayosema nani atatengeneza nini kikiharibika, na nakala yake hubandikwa mahali ambapo watoto wanaweza kuisoma.

Ombi la pili, la kwenda kisimani baada ya vipindi wakati wa kiangazi, lilikataliwa. Kamati ilijibu kwa maandishi, kama watoto walivyoomba: mchana foleni ya kisimani ni ndefu, na watoto wangechelewa kufika nyumbani. Watoto hawakufurahi. Lakini walikuwa wamepewa sababu, na sababu inaweza kujibiwa. Msichana mmoja wa darasa la sita aliuliza kama anaruhusiwa kuandika tena. Tulimwambia anaruhusiwa. Barua yake inapendekeza saa ya asubuhi kabla ya gwaride, na mpaka ninapoandika makala hii bado iko mezani kwa kamati.

TAHADHARI

Uzoefu wetu umetufundisha mambo matatu ya kuepuka.

Kwanza, mtu mzima asimwandikie mtoto hoja zake. Ukitaka kuomba fedha za ukarabati wa ofisi, andika mwenyewe. Kumtumia mtoto kama kalamu ya mkubwa ni kumnyang'anya kile kile unachodai kumpa.

Pili, klabu isianzishwe mahali ambapo hakuna aliye tayari kujibu. Mtoto anayeandika vizuri na kunyamaziwa hujifunza kwamba maneno hayana kazi. Jibu la "hapana" lenye sababu ni bora kuliko ukimya.

Tatu, kuna mambo ambayo si ya barua ya klabu. Mtoto akiandika kwamba anapigwa, ananyanyaswa au anaguswa vibaya, karatasi hiyo haisomwi mbele ya wenzake wala haisahihishwi tahajia. Mwalimu humsikiliza faraghani na kulifikisha jambo kwa afisa ustawi wa jamii, au kupiga simu ya msaada kwa mtoto kwa namba 116, ambayo haitozwi malipo.

TUNAOMBA NINI KWENU

Kwa kamati za sharika: tengeni dakika 15 katika kikao kimoja kila muhula kwa ajili ya barua ya watoto. Isomeni yote, mjadili, mjibu kwa maandishi. Kama jibu ni hapana, toeni sababu ambayo ninyi wenyewe mngekubali kupewa.

Kwa wafadhili: mwaka huu baadhi yenu mtapokea barua tofauti na mlizozizoea. Shukrani zitakuwemo, kwa kuwa watoto wanashukuru kweli. Lakini mtoto anaweza pia kukuuliza kwa nini sare hutolewa mwezi wa tano wakati shule hufunguliwa Januari, au kukueleza kwa sababu tatu kwamba kijiji chao kinahitaji vitabu kuliko mipira. Msione kwamba amekosa shukrani. Amewaona kuwa watu wanaoweza kuelewa hoja. Tafadhali mjibuni.

Kwa walimu na viongozi wa shule ya Jumapili wanaotaka kuanza: anzeni na vikundi viwili tu na jambo moja dogo. Ofisi ya miradi itawapa maelezo ya hatua tano bila malipo.

Nami nimeacha kupeleka mfano wa barua shuleni. Bahasha za mwisho wa mwaka sasa huchukua siku mbili kuzipitia badala ya asubuhi moja, kwa sababu hakuna barua mbili zinazofanana, na nyingine zinanihusu mimi.